Mchungaji Asiye na Ndevu

Muuza mabeseni pale soko la Kimironko alitutania. Mama alikuwa amechagua lile kubwa la bluu, lenye mdomo mpana. Akaligonga kwa vidole, akaliinua juani kutazama kama lina ufa. Yule kijana mwenye maneno mengi akamwita bibi kizee, akasema, "Mukecuru, hii beseni iko ya kuogesha mtoto muchanga. Na huo uzee yako, mtoto ulimutoa wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaangalia chini.

"Niko naye," Mama akamjibu bila kukasirika. "Alikuwa amepotea."

Kijana akadhani amerudishiwa utani, akacheka zaidi, akapunguza bei. Tukanunua pia sabuni ya mche, brashi ndogo, shuka jeupe na mswaki. Mswaki nilidhani ni wake mwenyewe.

Naandika mambo haya bila uhakika kama ni mimi ninayepaswa kuyaandika. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari sikuwa hapa. Nilizaliwa Tanzania, upande wa Ngara, kwa wazazi wakimbizi wa zamani, nikasoma hadi darasa la saba, nikaja Kigali nikiwa msichana mkubwa. Kinyarwanda nakisema lakini kukiandika kunanishinda, ndiyo maana natumia Kiswahili, na maneno ya Mama nayaweka kwa Kiswahili ingawa yeye huongea Kinyarwanda. Baba na mama yangu wamezikwa kulekule Ngara. Makaburi yao yana misalaba ya saruji, na nikipata nauli naweza kwenda kukaa pembeni yao hata siku nzima. Nalisema hili mapema ili ijulikane nimesimama wapi. Mtu kama mimi anaweza kumwona mwingine anahangaika na mifupa akafikiri anazidisha.

Huyu ninayemwita Mama si mzazi wangu, ni mwenye nyumba wangu. Ananipangisha chumba cha nyuma hapa Kinyinya, na mbele ya uzio wake ndipo ninapowapikia mafundi wanaojenga kiwanja cha jirani. Napika ugali na maharage, siku nyingine mboga ya dodo, yaani mchicha. Wananiita Mtanzania. "Wewe Mtanzania, leo maharage iko ngumu kama kokoto!" Nami nawaambia kokoto si ndiyo kazi yenu.

Mama alikuwa na mdogo wake wa kiume. Kijana huyo alifanya kazi kwenye karakana ya parokia moja, akifinyanga na kuchoma vitu vya udongo: vyungu vya maua, misalaba, sanamu ndogo za kuuza mlangoni kwa kanisa. Mwaka ule alitoka nyumbani mbio akapitia shamba la mtama, na hakuonekana tena. Miaka mingi baadaye, kwenye gacaca, mahakama ya wanakijiji, mtu mmoja alisimama mbele ya watu akasema alimwona akiangushwa kwenye mteremko huu, kati ya mfereji na mikaratusi. Hakujua walikomzika, au hakutaka kusema. Siku hizi mikaratusi imekatwa na mfereji umehamishwa. Mama aliuza shamba la urithi akanunua kiwanja hapa ili awe karibu na mahali asipopajua.

Basi Kinyinya inajengwa kila upande, na kila mtu akianza kuchimba msingi, Mama anakwenda na kigoda chake, anakaa, anatazama udongo unavyotoka. Jirani alipoanza kuchimba kwa ajili ya ukuta wa kushika mteremko, mafundi walimzoea. Kapita wao, yaani msimamizi, akampa cheo.

"Inspekta amefika! Chimbeni kwa adabu."

"Wewe chimba taratibu," Mama anamjibu. "Mkono wako mzito kama wa mtu anayeua nyoka."

Nami naosha sufuria zangu, nawasikiliza. Zilikuwa asubuhi za kawaida kabisa.

Siku ile utani ulikatika katikati. Kapita alisema "Simama!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na majembe yote yakatulia. Nilipofika wote walikuwa wamevua kofia. Kwenye ukuta wa shimo ulionekana mfupa wa paja, na walipoufuata kwa mikono wakafika kwenye mbavu. Alikuwa mtu mmoja, peke yake, amelala chali amenyooka. Juu ya kifua palikuwa na kitu bapa ukubwa wa kiganja.

Nimekuja kuwaza baadaye kwamba kilikuwa kimewekwa pale. Mtu aliyeangushwa halali amenyooka namna ile, na kitu cha mfukoni mwake hakikai katikati ya kifua. Lakini siku ile sikuliwaza, na sikumsikia mtu mwingine akiliwaza. Mfupa ukionekana hapa kwetu, watu wote wanafikiria mwaka mmoja. Hakuna anayeuliza umri wa mfupa. Ni kama ardhi hii haikuwahi kuzika mtu kabla ya hapo.

Kapita alikichukua kile kitu, akakifuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kigae cha udongo wa kuchoma. Chini ya matope akaonekana mtu amesimama, amebeba mnyama mabegani, miguu ya mnyama ameishika kifuani.

"Kondoo," akasema mmoja.

"Kondoo gani iko na pembe kama hiyo? Hiyo ni ndama ya inyambo," akasema kapita. Inyambo ni wale ng'ombe wa wafalme wa zamani, wenye pembe ndefu kupita mikono ya mtu.

Mama aliinuka kwenye kigoda. Alikitazama kile kigae mkononi mwa kapita, hakukishika. Akasema, "Ni mkono wake. Alikuwa anatengeneza hivi." Kisha akakaa chini kwenye udongo, si kwenye kigoda.

Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alikuja, akaandika, akapiga simu. Akasema yule mtu wa shimoni apumzishwe kwa Mama mpaka wakubwa waje, kwa kuwa nyumba ilikuwa karibu na mvua ilikuwa inakusanyika. Nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Wengine walimlaumu baadaye, lakini mimi nilikuwepo na sikuona mtu aliyempinga.

Kwa hiyo tulikwenda Kimironko, na tuliporudi tukaosha.

Kuosha ni desturi. Anayetolewa kwenye shimo huoshwa na watu wake kabla ya kuzikwa kwa heshima. Huondolewa udongo aliotupiwa na wauaji, akavishwa shuka safi. Nguo zake huoshwa pia zikatandazwa, ili aliyewahi kumfulia au kumshonea amtambue. Huyu wetu hakuwa na nguo, hata uzi. Hilo nalo lingepaswa kutushtua, lakini tulisema zimeoza.

Tulikaa uani, Mama kwenye mkeka, mimi nikimmiminia maji kwa jagi. Alianza na miguu. Aliosha kila kidole kama mtu anayejua kwamba mtoto ana mtekenyo. Alikuwa anaongea naye polepole, mambo madogo madogo. Barabara sasa ina lami. Yule mbuzi alikufa. Alipofika kwenye fuvu alichukua mswaki, nikaelewa ni wa nini. Alisugua meno moja baada ya jingine, na hapo tu aliacha kuongea. Nilidhani uchungu umemzidi. Nikageuza uso ili nisimtazame.

Mwisho akachukua kigae. Kilikuwa na matope mekundu kwenye mikunjo ya nguo ya yule mchungaji, na weupe fulani kwenye uso na kwenye pembe za ndama. Akakipaka sabuni, akapiga brashi kwa nguvu. Nikamimina maji. Wekundu ukatoka, weupe ukatoka, maji kwenye beseni yakawa kama chai ya maziwa. Tulifurahi. Nakumbuka nilisema, "Sasa ametakata, Mama." Udongo wa Kigali ni mwekundu. Nani angefikiri kuna wekundu mwingine?

Padri alikuja siku iliyofuata. Kapita ndiye aliyemwita, kwa kuwa padri huyo aliwahi kusoma Roma mambo ya makaburi ya Wakristo wa kwanza, na kila Jumapili hakosi kuyaingiza kwenye mahubiri. Ni mtu mnene kidogo, mpole, anayefuta miwani kila wakati. Alikiweka kigae kwenye meza ya sebuleni, akakiinamia, akakikagua hadi mafundi waliokuwa wamejaa mlangoni wakaanza kunong'ona.

"Hana ndevu," akasema mwishowe.

"Hakuwa nazo," Mama akasema. "Alikuwa kijana. Amejichonga mwenyewe."

Padri alifuta miwani. Alitoa simu yake, akatuonyesha picha. Ilikuwa dari ya pango, imepakwa chokaa, na katikati ya duara alikuwepo kijana mwenye nguo fupi, amebeba mwanakondoo mabegani, miguu ya mnyama ameishika kifuani. Uso laini. Alikuwa ni yule yule wa kwenye kigae.

Akatueleza. Chini ya mji wa Roma, Wakristo wa zamani kabisa walichimba njia gizani, ngazi juu ya ngazi, wakawalaza wafu wao kwenye kuta kama vitu kwenye rafu. Kwenye dari na pembeni wakachora. Walichora samaki, nanga, mtu aliyeinua mikono kusali, Yona akitemwa na yule samaki mkubwa. Na mchungaji walimchora mara nyingi mno. Msalaba haukuonekana sana kwao, wala mateso. Walimchora kijana anayembeba mnyama kumrudisha nyumbani. Ndevu, akasema, alikuja kuwekewa baadaye.

"Kwa hiyo Padri, Yesu alikuwa ananyoa?" kapita akauliza.

Watu wakacheka, padri naye akacheka. Akasema hakuna aliyejua sura yake, walichora walichohitaji. Kisha akaonyesha picha nyingine, ya kaburi ambalo wachimbaji wamelifungua Uturuki si muda mrefu, nalo lina kijana huyohuyo asiye na ndevu, na mbuzi mabegani. Akasema makaburi kama hayo mengi yalipatikana bila kutafutwa. Mtu alikuwa anachimba mchanga wa kujengea, au anapanda mizabibu, jembe likatumbukia. Na akasema jambo moja ambalo lilinipita wakati ule: picha nyingi hazikuharibiwa na maadui. Zilififishwa na waliozipenda, kwa moshi wa taa zao na kwa kuzigusa na kuzipangusa.

Hapo akakigeuza kigae, akakileta karibu na dirisha.

"Kilikuwa na rangi?" akauliza.

Nilimtazama Mama. Mama akamtazama padri.

"Kilikuwa na uchafu," akasema. "Tumekiosha."

Padri alivua miwani. Sitaki kumsingizia. Hakupandisha sauti, hakulaumu mtu. Lakini uso wake ulianguka kama wa mtu aliyefika kituoni akaona vumbi la gari. Akauliza weupe ulikaa wapi, wekundu wapi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Kapita akasema ana picha. Akaitafuta kwenye simu yake, ikaonekana zaidi dole gumba lake na kipande cha pembe.

Ndipo padri akasema alichokuwa anakifikiria, kwa upole, akichagua maneno. Inawezekana kigae hiki si cha mwaka ule. Inawezekana ni cha mwanzo kabisa, wakati dini ilipofika kwenye vilima hivi na watu wachache wakaipokea. Mmoja wao, labda mwalimu wa katekisimu, akazikwa na mchungaji kifuani, na aliyemchonga akambebesha ndama wa inyambo kwa sababu hapa kondoo hakuwa mnyama wa heshima. Kama ni hivyo, akasema, hajawahi kusikia kitu kama hiki. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Kisha macho yake yakafika kwa Mama, furaha ikamtoka, akaficha simu mfukoni kama mtu aliyekutwa na chakula kwenye nyumba ya njaa.

"Au," akaongeza haraka, "kijana aliona picha kama hii kwenye kitabu cha parokia, akaifuata. Hilo nalo linawezekana sana."

Alikuwa na haki ya kusema yote mawili. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi kichwani, na sioni alichokosea. Lakini tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na mizani ndani yake. Kilichokuwa kheri upande mmoja kilikuwa msiba upande wa pili. Kama kigae ni cha zamani, watu watakuja kutoka mbali kukitazama, na Mama hana mtu. Kama si cha zamani, ni kipande cha udongo cha kuuza mlangoni kwa kanisa, na Mama anazika.

Yule mtu alibaki sebuleni, kwenye shuka jeupe, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Mama alihamishia kiti chake humo. Asubuhi nilimsikia akimwamkia.

Mkutano ulifanyika hapo hapo. Alikuwepo mkuu wa mudugudu, padri, kapita, na dada mmoja mtaalamu wa mifupa aliyetumwa na serikali, mwenye glavu nyembamba na sauti ndogo. Dada huyo alimsalimia Mama kwa mikono miwili kabla ya kuvaa glavu, nikampenda kwa hilo. Mkuu alieleza shida iliyopo. Kwenye ukumbusho wa waliouawa huwezi kumlaza mtu asiyejulikana kama aliuawa mwaka ule au alikufa kwa homa zamani. Si kwamba hawamtaki. Ni kwamba waliomo humo nao wana haki ya kutochanganywa.

"Mama," akasema, "unakitambua kigae kwa hakika?"

"Nakitambua. Alikuwa anatengeneza mchungaji na ndama. Nilimwona."

Mkuu akageuka. "Na wewe Mtanzania, unakaa naye miaka. Aliwahi kukutajia hicho kigae kabla hakijapatikana?"

Hapa ndipo ninaposhindwa kulala vizuri. Mama alinitajia mengi kuhusu mdogo wake. Alinitajia sauti yake ya kuimba, nyungu alizovunja, shati la kijani. Misalaba alinitajia. Mchungaji na ndama, sikuwahi kusikia. Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo. Hakuna ambaye lingemwibia, isipokuwa labda watu wa makumbusho, na huyo marehemu wa zamani, kama yupo, angepata mazishi, nyimbo na maua. Lakini pia niliwafikiria wale waliolala kwenye ukumbusho, na nikafikiri, mimi ambaye hata sikuwepo, ni nani niwawekee mtu kwa mdomo wangu?

"Sikumsikia akikitaja," nikasema. "Lakini sikuwahi kumuuliza. Mtu hataji kila kitu."

Nilidhani sehemu ya pili itaipooza ya kwanza. Haikuipooza. Mama aligeuza kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sema tena," akaniambia.

"Sikukusikia, Mama."

"Haya."

Dada mtaalamu akaomba kuangalia. Aliinama juu ya shuka, akashika mifupa kwa ncha za vidole, akaandika kidogo. Alikaa zaidi kwenye taya. Akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba haoni alama ya pigo, ingawa hilo halithibitishi kitu. Mifupa ni laini sana, inaweza kuwa imekaa chini muda mrefu kuliko tunavyofikiri, lakini udongo wa mahali na mahali hutofautiana na kuoshwa kumeondoa kilichokuwa kimeshika. Angependa kusema kwa hakika, na hawezi. Kisha akamtazama Mama, na nikaona anatafuta njia.

"Mdogo wako alikuwa na umri gani, Mama?"

"Yaseme tu, binti yangu," Mama akamwambia. "Meno."

Dada akainamisha kichwa.

"Yamelika," Mama akasema, akitugeukia wote. "Yamelika hadi yamekuwa bapa, na mengine ya nyuma yalishang'oka na fizi ikafunga. Ni meno ya mzee aliyetafuna mahindi ya kuchoma maisha yake yote. Niliyasugua moja moja kwa mkono wangu. Mdogo wangu alikuwa na meno yote, na lile la mbele lilipanda juu ya mwenzake."

Kapita alikuwa anaiminya kofia yake.

"Ulijua tangu siku ile?" mkuu akauliza, si kwa ukali.

"Niliona. Kujua ni kitu kingine." Alikuwa anapapasa ukingo wa shuka, akiulaza mahali ambapo tayari ulikuwa umelala. "Nilisema labda udongo unazeesha. Sisi tulio juu tumezeeka miaka yote hii. Nikasema labda na yeye chini amezeeka pamoja nasi."

Padri alifunika uso. Mimi niliangalia sakafu, na nilichokuwa nakifikiria ni kitu cha aibu kidogo: kwamba ningesema uongo, yeye mwenyewe angenisahihisha. Au asingenisahihisha. Sijui. Hadi leo sijui kama alisema kweli kwa sababu ya neno langu, au angesema hata bila mimi.

"Si wangu," akamalizia. "Lakini ni wa mtu. Azikwe."

Padri aliahidi. Dada mtaalamu naye aliahidi, baada ya uchunguzi. Siku hiyohiyo mifupa ilifungwa ikatiwa kwenye sanduku la karatasi ngumu, na kigae kikafungwa kwenye pamba peke yake, kwenye sanduku dogo zuri zaidi. Mama aliomba shuka liende naye. Wakasema haiwezekani, litachafua uchunguzi. Akalikunja.

Kigae nimekiona tena kwenye makumbusho, ndani ya kioo, mwanga mdogo umekielekea. Padri alitupeleka. Kina maelezo pembeni yanayosema "huenda" mara nyingi, na hilo ni haki. Watoto wa shule walikuwa wanahesabu pembe. Nilimtazama yule kijana aliyebeba ndama, uso mtupu, tulioufuta macho na midomo kwa sabuni ya mche, nikafikiri aliyemchonga alimpenda mtu. Mama alimuuliza padri mahali alipo yule mzee tuliyemwosha. Padri akasema bado yuko kwenye sanduku, stoo, karatasi zinashughulikiwa. Mama huuliza kila wanapokutana. Jibu bado ni hilo. Padri siku hizi akimwona kwa mbali huonekana kama mtu anayedaiwa, na simlaumu, kwa kuwa najua ameandika barua na kwenda mwenyewe.

Ukuta wa jirani umesimama. Mafundi walirudi kwenye maharage yangu. Kapita hamwiti tena inspekta, na kigoda kikikosekana hata siku moja hunitazama mimi kwanza, ananiuliza kwa macho.

Mama hakunifukuza, wala hakunipandishia kodi. Ananisalimia. Lakini zamani alikuwa akiishiwa chumvi anagonga ukuta wa chumba changu kwa kijiko, nami napitisha mkono dirishani. Kugonga kuliisha. Beseni la bluu aliligeuza kifudifudi nyuma ya mlango. Halifulii nguo, halichotei maji. Nilitaka kumwomba msamaha nikashindwa kujua ni wa kosa gani, na kuomba msamaha kwa kusema kweli nako ni kumtukana.

Kisha mvua za mwaka huu zikaja, na habari kutoka upande wa Busanza: mtu alikuwa anachimba choo nyuma ya nyumba yake, akakuta watu. Si mmoja. Busanza ni mbali na mteremko huu, hakuna aliyewahi kumtaja mdogo wake kule. Nilimsikia mkuu wa mudugudu akimweleza hivyo barabarani. Mama akamjibu kwamba mtu anayekimbia hakati tiketi ya mahali pa kuishia.

Asubuhi nikasikia kijiko kwenye ukuta.

Alikuwa amesimama mlangoni kwake amevaa viatu vya kutembelea, kitambaa kichwani, kigoda mkononi. Beseni lilikuwa palepale nyuma ya mlango, kifudifudi. Nikauliza kama nilibebe, au kama tupitie kwanza Kimironko kuchukua jingine.

"Beseni la nini?" akasema. "Safari hii naangalia meno kwanza."

Nikafunika sufuria ya maharage, nikamwambia kapita wajipakulie wenyewe, tukatoka.